Mzee Mwenye Pumu Apigiwe Simu, Asipelekewe Programu

Mpango mpya wa kuwasaidia wazee wenye pumu wakiwa nyumbani ukizungumziwa hapa Nairobi, aghalabu huwa ni programu ya simu janja, yenye vikumbusho na nafasi za kujaza kila siku. Kwa maoni yangu, mama mzee wa Kayole anayetumia kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ambaye hata miwani yake imeshapitwa na macho, atasaidika zaidi akipigiwa simu na muuguzi yule yule kila baada ya muda fulani, wakazungumza kwa lugha anayoimudu.

Muuguzi huyo ana mengi ya kuuliza, kwa kuwa pumu ya uzeeni hujificha. Mzee akihema kwa shida ngazini, watu wa nyumbani husema ni umri, na hospitalini huenda moyo ukashukiwa kwanza. Tena ni nadra awe na ugonjwa mmoja. Baadhi ya dawa za presha, kama propranololi, na hata matone ya timololi anayopewa mwenye ugonjwa wa macho wa glakoma, huweza kubana njia za hewa, na aspirini au ibuprofeni anayomeza kwa ajili ya magoti huwadhuru baadhi ya wenye pumu. Kumwambia tu, "Mama, nitajie dawa zote ulizo nazo hapo, pamoja na zile za macho," kunaweza kufichua jambo ambalo kliniki tatu tofauti hazikuwahi kulioanisha.

Kisha kuna pampu ya kuvuta dawa. Ile ya bluu, yaani salbutamoli, hufungua kifua ndani ya dakika chache lakini haitibu uvimbe ulio ndani ya njia za hewa. Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa matibabu ya pumu, uitwao GINA, umesisitiza kwamba mtu mzima mwenye pumu asitibiwe kwa hiyo peke yake, bali apate pia steroidi ya kuvuta, dawa inayotuliza uvimbe huo. Hata hivyo, ya bluu ndiyo ya bei nafuu katika duka la dawa, na nafuu inayoleta huonekana papo hapo. Kwa hiyo muuguzi asiulize "Unaendeleaje?", kwani mzee mwenye heshima zake atajibu "Namshukuru Mungu" hata kama amekesha ameketi kitandani akitafuta pumzi. Aulize ni mara ngapi wiki hii ameitumia pampu ya bluu, na ni usiku ngapi ameamshwa na kikohozi.

Jinsi ya kuvuta dawa ndilo jambo ambalo sauti pekee haitoshi. Vidole vyenye yabisi hushindwa kubonyeza pampu wakati ule ule mtu anapovuta pumzi polepole, na dawa huishia ulimini. Hapo nakubali kwamba simu janja ina kazi: mjukuu, au mmoja wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 ambao serikali iliwazindua mwaka 2023, anaweza kuishika ili muuguzi aone kwa video. Chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni na kuingizwa pampu, humwondolea mzee ulazima wa kwenda sambamba na mbonyezo; utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba iliwafaa watoto waliobanwa na pumu.

Sipendezwi na mipango inayomtumia ujumbe mwana anayelipa gharama na kumwacha mgonjwa pembeni. Mzee aombwe ridhaa yake mwenyewe, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inavyotaka, na yeye ndiye aulizwe kuhusu jiko la makaa, moshi wa jalala la Dandora au baridi ya Julai.

Wala simu isigeuzwe kisingizio cha kumkalisha nyumbani. Akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au pampu isipomsaidia, apelekwe hospitali mara moja, na watu wa nyumbani wawe wamekubaliana mapema ni gari la nani litakalotumika usiku. Muuguzi naye atengewe saa za kazi za kupiga simu hizo, na muda wa maongezi ulipiwe na kituo. Vinginevyo, siku foleni ya kliniki itakapofika mlangoni, simu za wazee ndizo zitakazoahirishwa kwanza.