Potashi: siku Kanada ilipozikataa dola bilioni 39

Kwetu magharibi mwa Kenya maganda makavu ya maharagwe hayatupwi. Huchomwa, majivu yakachujwa kwa maji, na hayo maji, munyu, ndiyo yanayolainisha mrenda. Hiyo ni potashi ya jikoni. Ndugu yake ndiye anayesimama kwenye namba ya tatu ya gunia la mbolea ya 17-17-17, na huyo hatoki jikoni kwa mtu. Sehemu yake kubwa huchimbwa jimbo la Saskatchewan, Kanada, karibu kilomita moja chini ya ardhi, kwenye chumvi iliyoachwa na bahari ya kale. Kanada hutoa kama theluthi ya potashi ya dunia. Ongeza Urusi na Belarus, nusu umeshaipita.

Mwaka 2010 BHP, kampuni ya madini ya Australia, ilitaka kuinunua Potash Corporation, kampuni iliyoanzishwa na serikali ya jimbo hilo mwaka 1975 na baadaye kubinafsishwa. Dau lilikaribia dola bilioni 39. Kiongozi wa jimbo, Brad Wall, akapinga. Huyu si mjamaa, ni mtu wa soko huria kabisa! Novemba serikali kuu ya Waziri Mkuu Stephen Harper, wahafidhina nao, ikazuia mauzo kwa hoja kwamba Kanada haingefaidika vya kutosha.

Wapo wanaosema zilikuwa hesabu za kura tu, maana chama tawala kilishika viti 13 kati ya 14 vya jimbo hilo. Na iwe hivyo. Serikali inayowaogopa wapiga kura wake kwa sababu ya madini, mimi naionea wivu.

Na ule wimbo tunaoimbiwa kila siku, kwamba ukimkatalia mwekezaji atakimbia? BHP haikukimbia. Mwaka 2021 iliidhinisha dola bilioni 5.7 ichimbe mgodi wake yenyewe, Jansen, humohumo Saskatchewan. Mwaka uliofuata vita vya Ukraine na vikwazo vikaikaba potashi ya Urusi na Belarus, na wanunuzi wengi wakageukia Kanada.

Huku kwetu, potashi ya Danakil, bonde lililo Ethiopia na Eritrea, iko karibu zaidi na uso wa ardhi. Mwaka 2023 nusu ya mradi wa Colluli, Eritrea, ilitoka mikononi mwa kampuni ya Australia ikaingia kwa kampuni ya Kichina. Nilitafuta mjadala wa bunge kuhusu mauzo hayo, kisha nikakumbuka kwamba bunge la Eritrea halijakutana tangu 2002.