Wosia umefungiwa mahakamani. Nani ataufungua?

Misiba yenye mali huwa na kabati lake. Arobaini haijafika, funguo zimeshahama mikono, na ile bahasha ya kaki aliyoificha marehemu chini ya kanzu zake haionekani tena. Hapo ndipo ushauri wa wanasheria wengi wa Tanzania unapopata nguvu: wosia usikae nyumbani, upelekwe mahakamani, kwa wakili, benki, au RITA, wakala ambao tangu 2006 ndio unaofanya kazi za Kabidhi Wasii Mkuu, yule afisa wa serikali anayeshughulikia mirathi.

Sikatai. Karani wa masjala hana fungu katika shamba la mtu, kwa hiyo hana sababu ya kuchana ukurasa wa pili.

Ila watu wengi huchanganya kutunzwa na kuthibitishwa. Utasikia, "wosia wa mzee ni halali, ulipita mahakamani." Haukupita, ulilala tu. Kanuni za urithi wa kimila, Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, zinataka wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki; wosia wa asiyejua kusoma na kuandika unataka wanne. Kama shahidi wa ukoo hayupo, karatasi itatoka kwenye bahasha ikiwa safi, haijaguswa na mende, na bado itakataliwa. Kwa Mwislamu ambaye mirathi yake inafuata sharia, kinachozidi theluthi ya mali hakisimami bila ridhaa ya warithi, hata kiwe kimetunzwa wapi.

Tena wosia wa mahakamani hauushindi wa nyumbani kwa sababu ya mahali ulipokaa. Mzee akiweka mmoja mahakamani, kisha baada ya miaka kumi akaandika mwingine uliokamilika na kuuacha chini ya godoro, ule wa godoroni ndio neno lake la mwisho. Ajabu kidogo, lakini ndivyo ilivyo.

Kinachonisumbua zaidi ni ukimya. Ujerumani, wosia ukikabidhiwa mahakamani huandikishwa katika daftari kuu la wosia, lililoanza 2012. Mtu akifa, taarifa ya kifo hupelekwa huko, na mahakama ya mirathi hujulishwa. Kwetu familia hukaa kikao cha ukoo, humpendekeza msimamizi wa mirathi na kuubeba muhtasari hadi Mahakama ya Mwanzo. Wosia unaweza kuwa umelala mahakama nyingine, mtaa wa pili tu, bila mtu wa kuuulizia. Na RITA hiyohiyo inayotunza wosia ndiyo inayosajili vifo! Anayefuata cheti cha kifo pale dirishani aulize palepale kama marehemu aliacha bahasha.

Mimi ningeupeleka. Nakala ya stakabadhi ya kuukabidhi ningempa yule shahidi mtu baki, nyingine ningeibandika ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo mwenye haraka ya funguo ataiona wa kwanza.