Kiko cha Kioo: Tunahukumu Moshi, Tunausahau Mkono

Picha za viko vya kioo vya Marekani zikifika kwenye simu za vijana wa Dodoma, wakubwa wao hawachelewi kuhukumu: hicho ni chombo cha bangi, na anayekisifia anasifia bangi. Hoja hiyo ina uzito. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 imeipiga bangi marufuku, na mzazi aliyeshuhudia mwanawe akiharibika hana sababu ya kushangilia rangi za kiko. Tumbaku nayo inaua.

Nisichokubali ni kuambiwa kwamba hapo hakuna ufundi.

Chupa ya mvinyo wa zabibu zetu ni kioo cha soda na chokaa. Ukiitia ghafla kwenye moto mkali, inapasuka. Mafundi wa viko hutumia borosiliketi, kioo alichokibuni Mjerumani Otto Schott mwishoni mwa karne ya 19. Kikipata joto, hutanuka takribani theluthi moja tu ya kile cha chupa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyozaa sanaa hii. Fundi hukaa mbele ya tochi ya propeni na oksijeni akiuzungusha mrija bila kusita, maana akisita unainama upande mmoja. Hupuliza, huunganisha bakuli na shina, kisha hurudi kuchoma upande mmoja huku mwingine umeshapoa. Kiko kikikamilika huingia kwenye tanuri la nyuzi zaidi ya 500 za Selisiasi na kupozwa polepole, la sivyo mkazo uliobaki ndani utakipasua siku yoyote.

Fundi wa viko wa Marekani, Bob Snodgrass, aliyeuza kazi zake kwenye matamasha ya bendi ya Grateful Dead, aligundua kwamba mvuke wa madini ya fedha ukitua juu ya kioo huacha rangi, na rangi hiyo hugeuka kadiri masizi yanavyojaa ndani. Baadaye alihamia Eugene, Oregon, akafundisha wengine.

Halafu ikaja Februari 2003. Serikali ya Marekani ikawashtaki watu 55 kwa biashara ya vyombo hivyo, na mchekeshaji Tommy Chong akahukumiwa miezi 9 gerezani. Namba hiyo hainitoki kichwani. Watu 55, na kosa lenyewe ni chombo! Mwaka 2012 wapiga kura wa majimbo ya Colorado na Washington wakahalalisha bangi. Moto ulikuwa uleule na ufundi uleule. Kilichobadilika ni sheria za majimbo hayo.

Kwetu pia kuna vipimo viwili. Wahadzabe, ambao baadhi yao wako Mkalama, Singida, huchonga viko vya mawe laini, nasi tunaviita urithi. Cha kioo tunakiita uhuni.

Duka la viko hapa Dodoma silitetei. Sheria ipo na iheshimiwe. Ila tochi na tanuri ningevitaka viwepo kwenye vyuo vya ufundi vya VETA. Arusha, warsha ya Shanga imeonyesha kwamba chupa zilizotupwa zinaweza kuwa mapambo ya kuuzwa, tena kwa mikono ya watu wenye ulemavu. Na kijana anayeweza kuunganisha bakuli na shina bila kuacha ufa anaweza pia kuunga mrija wa maabara uliovunjika, shule isilazimike kununua mpya.