Mnanunua nafasi au mnanunua kimo?

Shemeji yangu na mkewe wanaishi Mikindani. Wana watoto watatu, nyanya mmoja na Vitz moja, na hiyo Vitz ndiyo iliyoanza kulalamika. Mwaka mzima sasa mazungumzo ya nyumba ile ni gari lijalo. Mume anataka Nissan X-Trail, mke anataka Toyota Sienta. "Baba watoto, hilo lako ni refu kwenda juu tu, si kubwa," mke humwambia. Naye hujibu: "Na lako, mama watoto, kwenda mjini litatubeba, kurudi tutalibeba sisi."

Mimi huitwa kuamua kila wanapokwama, na malipo yangu ni mahamri na chai ya tangawizi, kwa hivyo sina haraka ya kesi kwisha. Lakini nimewasikiliza vya kutosha kujua kwamba hawabishani kuhusu kitu kimoja. Wote wawili wanasema "gari kubwa." Mke akisema hivyo anahesabu watu na mizigo. Mume anapima umbali kati ya tumbo la gari na mawe ya barabarani. Wanandoa wengi wa Mombasa wenye fedha za kadiri wamekwama papo hapo, na wauzaji wa yadi wanalijua hilo vizuri kuliko wao.

Nafasi ndiyo inayotajwa sana na kupimwa kidogo. X-Trail ya kizazi cha T32, iliyotoka Japani mwishoni mwa 2013, hupatikana ya viti vitano au saba. Mitsubishi Outlander nayo ina za saba. Kwa kuhesabu viti, shemeji ameshinda. Sasa mkalishe mtu mzima safu ya tatu. Magoti yanakaribia kidevu, dirisha ni la kuchungulia, na magari ya juu (SUV) mengi ya kiwango hiki hayana tundu la AC kule nyuma. Mwezi wa Februari, foleni ya Daraja la Nyali, saa nane mchana: aliyeketi huko anaiva kama muhogo kwenye sufuria iliyofunikwa. Isitoshe, safu hiyo ikisimamishwa, buti imekwisha. Utapata pa kuweka mikoba miwili ya shule na basi. Kwa hiyo SUV hii ina viti saba au ina buti, haina vyote kwa pamoja. Subaru Forester, Mazda CX-5 na Honda Vezel angalau ni wakweli: viti vitano, habari imekwisha.

Sienta ya kizazi cha pili, ya kuanzia 2015, ina ujanja wake. Safu ya tatu hukunjwa ikazama chini ya safu ya pili, sakafu ikabaki tambarare na chini kabisa. Sufuria la pilau la kwenda harusini linaingia bila watu wawili kulinyanyua hadi kifuani. Milango ya pembeni ni ya kuteleza, na hili wanaume hulicheka hadi siku watoto watakapogonga mlango wa gari la mtu mwingine kwenye maegesho ya Kongowea. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako mlango wa kawaida hufunguka nusu ukagusa ukuta, mlango wa kuteleza ni neema. Nyanya naye hahitaji kupanda. Anageuka, anakaa, anavuta miguu ndani.

Nisiipambe kupita kiasi, maana Sienta iliyojaa watu saba nayo haina buti ya maana. Mwenye haja ya kweli ya watu saba na mizigo yao anahitaji Noah au Voxy, na hapo injini inapanda hadi lita 2 na bei inapanda nayo. Zamani jibu la katikati lilikuwa Toyota Wish, lakini uzalishaji wake ulikoma 2017. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo linaloingia 2026 lazima liwe limesajiliwa 2019 au baadaye. Wish sasa utainunua hapa hapa tu, kwa mtu aliyeitumia.

Kimo nacho si upuuzi wa wanaume. Tumbo la Sienta liko kama milimita 145 kutoka ardhini. X-Trail iko zaidi ya 200, Forester 220. Ni tofauti ya vidole vitatu au vinne, na vidole hivyo ndivyo vinavyoamua kama utalala kwako au kwa jirani. Mombasa lami ya barabara kuu ni nzuri. Taabu iko kwenye mita mia tatu za mwisho: njia za ndani za Kisauni, vilima vya Mikindani na Magongo ambako mwamba umechomoza, mchanga wa Mtwapa. Mvua za masika za Aprili na Mei zikishuka, kila shimo linakuwa dimbwi na hujui kina chake. Feri ya Likoni maji yakipwa, mteremko wa kuingilia unakuwa mkali na gari la chini linasalimia chuma kwa pua. Ni kweli sasa kuna njia ya Dongo Kundu ya kwenda Kwale bila kuvuka kwa feri, ila ni mzunguko mrefu kwa anayetoka kisiwani kwenda Likoni tu.

Na watu wa hapa hawaishi Mombasa peke yake. Kuna matanga Kaloleni, mahari Kinango, shamba Ganze. Kwa aliye na safari hizo kila mwezi, kimo ni haja. Kwa aliye nazo mara mbili kwa mwaka, nauliza: kwa nini siku 363 zilizobaki zilipie siku mbili? Kukodi gari la juu kwa siku hizo mbili hakumvunji mtu heshima.

Nadhani hapa ndipo neno heshima linapojitokeza lenyewe. SUV inaheshimiwa. Askari wa lango la hoteli huifungulia kabla hajauliza. Sienta huulizwa inakwenda kumchukua nani. Sitajifanya jambo hilo halina uzito. Ndoa zina mengi ya kubeba, na mtu kudhaniwa dereva wa teksi kila Jumamosi ni mzigo pia. Naomba tu lihesabiwe kwa jina lake, lisivikwe kanzu ya "usalama wa watoto."

Tuje kwenye fedha. Gari linaloingia kutoka nje hutozwa ushuru wa forodha asilimia 35. Juu yake huja ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500 na 25 kwa inayozidi hapo, ukiacha injini kubwa sana. Juu ya jumla hiyo kuna VAT asilimia 16, kisha, kwa thamani ya forodha peke yake, ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2. Ukizijumlisha zote hivyo, Sienta ya petroli ya cc 1,496 inadaiwa kama shilingi 92 kwa kila shilingi 100 ya thamani yake ya forodha. X-Trail ya cc 1,997 inadaiwa 100 na senti kidogo: kila shilingi ya thamani inazaa shilingi nyingine ya kodi. Tofauti ya nane kwa mia inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba thamani yenyewe ya X-Trail ni kubwa zaidi tangu mwanzo. Tena thamani hiyo haitoki kwenye risiti yako. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, huanza na orodha yake ya bei ya gari jipya, ikapunguza uchakavu kwa umri. Ukibahatika kupata gari kwa bei ya chini mnadani Japani, furaha hiyo ni yako, kodi haiijui.

Anayeishi Mombasa ana nafuu moja, kwamba gari linashukia Kilindini, kwa hiyo halipi gharama ya kulisafirisha hadi bara. Nafuu hiyo ataila mwenyewe kwenye matumizi. Tairi za X-Trail mara nyingi ni za inchi 17, za Sienta inchi 15. Nenda ukaulize bei za zote mbili kabla hujalipa amana. Bima kubwa hukatwa kwa asilimia ya thamani ya gari, kila mwaka. X-Trail na Forester zina gia boksi ya CVT, ya kiotomatiki isiyo na hatua za gia, ambayo haitaki kupuuzwa mafuta yake, hasa kwa joto letu na foleni ya Changamwe ya kusukumana nyuma ya malori. Sienta ya petroli nayo ina CVT, lakini inavuta mwili mwepesi. Kuhusu CX-5 ya dizeli ya lita 2.2, inayowavutia wengi kwa nguvu na ulaji mdogo wa mafuta: ina chujio la masizi linalojisafisha kwa safari ndefu. Kama maisha yako ni Nyali hadi Moi Avenue na kurudi, utalifuga hadi lizibe.

Ipo njia ya tatu ambayo mafundi wetu wanaipenda, ya kuweka spesa kwenye shokabzoba ili gari la chini liinuke. Gharama yake haifiki popote karibu na tofauti ya bei ya magari haya mawili. Ukiinua kidogo, unaishi. Ukiinua kwa tamaa, viungo vya ekseli vinakaa kwa pembe isiyo yake na kuchakaa mapema, taa zinawamulika wenzako machoni, na gari linayumba kwenye kona. Mimi ningeinua kidogo.

Lolote watakalochagua, chumvi inawasubiri. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani hupitia barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, kisha yanakuja kuishi kwenye upepo wa Bahari ya Hindi. Kwenye karatasi ya mnada, inayoeleza hali ya gari, herufi S ni ya kutu na C ni ya kutu iliyokwisha kula bati. Gari la viti saba lenye C chini ya sakafu si gari la familia hata kidogo. Ningechukua dogo lililo zima.

Msimamo wangu nilikwisha kuwaambia: wao wanahitaji nafasi, si kimo. Watu sita kila siku ya Mungu, madrasa, shule, kliniki ya nyanya. Jumamosi moja tulikwenda yadi wote. Nyanya akaingizwa safu ya tatu ya X-Trail, na kumtoa tulihitaji wajukuu wawili na dua. Kwenye Sienta alikaa mwenyewe, akakataa kushuka. Shemeji alinyamaza njia nzima.

Juzi akanipigia kuomba tepu ya kupimia. Alikuwa amepiga magoti kwenye njia ya kwake, kwenye ule mwamba uliochomoza mbele ya lango la jirani. Sentimita 17. "Umeona?" akaniambia. "Sienta haipiti hapa hata ikiwa tupu." Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kanga kichwani. Akautazama mwamba, akamtazama mumewe, akauliza mifuko mitatu ya saruji na lori la kokoto ni shilingi ngapi siku hizi, na kama majirani wengine wanne wanaopita hapo wameshawahi kuulizwa.