Kufuli ya Kura ya Maoni

Leo ni siku ya nne mfereji wa maji wa ploti yetu hapa Manyatta, Kisumu, umevaa kufuli, na sababu si bili. Bili ililipwa, ajabu hiyo. Sababu ni kura ya maoni.

Si ile ya katiba, ya tarehe 4 Agosti 2010, ambayo mzee wetu wa ploti aliidhania aliposikia neno hilo, akajibu kwa heshima zake zote kwamba yeye alishapiga. Ni hii nyingine, ya kuwauliza watu watamchagua nani. Kiswahili kina maneno mpaka ya aina za ndizi, lakini hapa kikaona jina moja latosha, na sasa sisi ndio tunaobeba mitungi.

Msichana alifika saa tatu asubuhi, beji shingoni, tableti mkononi. Watoto wakapiga kelele, “Sensa! Sensa!” Tangu 2019 kila mwenye tableti ni wa sensa. Hakuwajali, alikuwa anahesabu milango. Wahoji hawa wa kura ya maoni huanzia mahali walipopangiwa, kanisa au shule, wakashika upande mmoja wa njia, wakaruka idadi fulani ya nyumba ndipo wabishe. Aliyebuni utaratibu huo hakuwahi kuiona ploti ya Manyatta: geti moja, milango kumi na miwili, na vyoo navyo vina milango. Akauliza kama mlango wa tano ni nyumba. Dada, hicho ni choo. Akahesabu upya.

Mlango ulioangukiwa ukawa wa mzee.

Mzee alizima redio, jambo ambalo hata mazishi hayajawahi kumfanya alifanye. Akaenda kuvaa koti. Akakohoa. “Kwa maoni yangu mimi, nchi hii…”

“Samahani baba, kwanza nitajie wote wanaoishi nyumba hii waliofikisha miaka 18.”

Akawataja: yeye, mkewe aliyekuwa Kibuye sokoni, kijana wake aliyekuwa bado amelala, na mpwa wake aliyekuwa nje anasugua sufuria. Tableti ikafikiri kidogo, ikapiga bahati nasibu yake, ikamchagua mpwa.

“Hiyo mashine imeharibika,” mzee akasema. “Bonyeza tena.”

Haibonyezwi tena. Kazi yote iko hapo, na hapo ndipo inapoharibiwa. Ukimhoji anayefungua mlango, utapata nchi ya wastaafu na waliokosa kibarua siku hiyo. Ukimhoji mwenye hamu ya kusema, utapata nchi nzima ya mzee wetu. Mteule asipokuwepo unapanga kurudi, na akikataa kabisa unahama nyumba. Humwingizi baba yake, hata akivaa koti. Baadaye msimamizi hupiga simu nyumba kadhaa kuuliza ni nani hasa aliyehojiwa, na tableti nayo imeandika saa na mahali. Dodoso la dakika arobaini likimalizika kwa dakika sita chini ya mwembe, mtu anatafuta kazi nyingine.

Mzee akajaribu mlango wa nyuma. “Huyu hajui siasa.”

“Hata asiyejua anapiga kura, baba.”

Akaombwa awape nafasi, maana mtu hasemi ya moyoni mbele ya anayemlisha. Akahamia upande wa pili wa ukuta wa mabati, ambako kwa hesabu za ploti ni sawa na kuwakalia mapajani.

“Uchaguzi ukifanyika leo, ungemchagua nani awe rais?”

“Sijui,” mpwa akasema.

“Anajua!” bati likasema.

“Hujaamua, au hutaki kusema?”

Swali zuri, kwa maana hao ni watu wawili tofauti, na wa tatu ni yule ambaye hata hajajiandikisha. Gazeti likiwatupa wote kando, asilimia za waliobaki zinaumuka kama mandazi. Halafu Agosti inafika watu wanalia wameibiwa na utafiti. Mwaka 2022 kura kadhaa za maoni zilimtanguliza Raila Odinga. Matokeo yaliyotangazwa yakampa William Ruto asilimia 50.49 na Raila 48.85, pengo la kura 233,211. Sasa chukua sampuli ya watu 1,000: kila asilimia unayosoma inaweza kupanda au kushuka kwa kama 3, na pengo kati ya wawili linayumba karibu mara mbili ya hapo. Huko ni kupima dhahabu kwa mizani ya mkaa. Na ukitaka kuyapunguza makosa hayo nusu, watu 2,000 hawatoshi. Unahitaji 4,000, yaani wasichana mara nne na wazee wa kununa mara nne.

Jirani wa mlango wa saba akadakia kwamba watu elfu moja hawawezi kusemea mamilioni. Bwana, Marekani mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza Landon anashinda urais. Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48. Walikuwa wametuma zaidi kwa wenye simu na magari, yaani wenye nazo wa enzi hizo. Wingi haukuwasaidia. Na yeye mlango wa saba ndiye msimamizi wa kura ya grupu la WhatsApp, ambako shemeji yake anaongoza kwa asilimia 91.

Ya steji ya boda sitaitaja. Pale anayeshinda ni aliyeweka mafuta jana.

“Zahanati ya wadi ikikosa dawa, ni jukumu la nani?”

“MCA!” bati likatetemeka.

“Gavana,” mpwa akasema, bila kuinua macho.

Kimya. Mzee huyu humsomea MCA, mwakilishi wetu wa wadi kwenye bunge la kaunti, mashtaka kila asubuhi akipiga mswaki: dawa, walimu wa sekondari, polisi, bei ya unga. Zahanati ni za kaunti, sawa, ila mwenye kuziendesha ni serikali ya gavana. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa, chekechea ndiyo ya kaunti. Polisi ni wa taifa. MCA anatunga sheria za kaunti na kumchunga gavana, hana ghala la dawa chini ya kitanda. Tunapewa karatasi sita za kura siku moja, tunaijua ile ya rais, nyingine tano tunafuata rangi ya chama kama kondoo wa Nyakach.

Na mtu kutojua hakumzuii kutoa maoni. Miaka ya sabini huko Cincinnati watafiti waliwauliza watu kuhusu Sheria ya Mambo ya Umma ya 1975. Haikuwepo, waliitunga wao. Karibu theluthi moja wakaiunga mkono au kuipinga. Mzee wetu angetaka iongezewe bajeti.

Dodoso likaisha, msichana akaaga.

“Na mimi?” mzee akauliza.

Akaambiwa asante kwa ushirikiano.

Jioni hiyohiyo kufuli ikaingia. Anayetaka maji, anasema mzee, akamwombe ufunguo huyo mkuu wa nyumba aliyechaguliwa na mashine. Tukaenda. “Mjomba ndiye anao,” mpwa akasema. Tukarudi. “Mimi sikuchaguliwa,” mzee akasema. Jamani! Watu wazima, mitungi mikononi, tunazungushwa kati ya mamlaka mbili kama mgonjwa asiye na barua!

Sasa tunanunua kwa mkokoteni. Nilimuuliza mwenye mkokoteni maji haya yametoka wapi, akasema hajui. Au hakutaka kusema, sikuwa na tableti. Yananuka omena. Na mtungi wangu hauna kifuniko, nusu inamwagika kabla sijafika mlangoni. Kifuniko kiko mlango wa saba, amezibia mafuta ya taa, na nikimdai anasema tupige kura kwenye grupu.