Mwenye miguu kuliko wote ndo akae nyuma

Hili nimelisema sana kwenye grupu la WhatsApp la klabu yetu ya baiskeli, hasa Ijumaa usiku watu wanapopanga raidi ya kesho, yani ile safari ya kuendesha kwa kundi, sa leo naliandika kwa kirefu ili nisirudie rudie. Kwenye raidi ya klabu, ile ya siku nzima, mtu mwenye nguvu kuliko wote hatakiwi kuwa mbele. Akae nyuma. Awe wa mwisho kabisa kuanzia tunatoka mpaka tunarudi, na wala isiwe zamu ya mtu yeyote aliyejitolea kwa sababu leo kachoka kidogo, hapana, awe yule ambaye kila mtu anajua akiamua anatuacha wote.

Naongelea hizi raidi za Jumamosi za hapa Dar, na hasa ya Bagamoyo maana ndo kila klabu inaipenda na ndo mgeni anaitwa aje aonje. Pugu na Kisarawe kuna vilima, mtu akichoka anajijua mapema, anaweza kugeuza akashuka mwenyewe mpaka Gongo la Mboto. Kigamboni unavuka daraja unazunguka unarudi, hata ukiishiwa nyumbani sio mbali. Bagamoyo inadanganya. Ni tambarare karibu yote, kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 100, na kinachoidanganya zaidi ni upepo. Miezi ya kusi, kama Mei mpaka Septemba, upepo unatoka kusini mashariki na sisi tunaelekea kaskazini, kwahiyo unaenda unasukumwa mgongoni bila kujua, tena asubuhi mapema ambapo hakuna joto. Mgeni anaangalia simu anaona kilomita 30 kwa saa, anajisikia mzima kabisa, anaanza kuuliza kumbe ni rahisi hivi? Anapita Bunju, anapita Mapinga, anafika Bagamoyo anacheka. Afu saa tano tunageuza. Upepo umeshakua maana mchana unaongezeka, jua liko utosini, na ile 30 ya asubuhi sasa ni 20 kwa kuisotea.

Hapo ndo watu wanazima, nguvu zinawaishia kabisa, na wanaozima ni wale wale waliofurahi asubuhi.

Sasa ngoja niseme kwanini kukaa nyuma ni kazi na sio starehe kama wengi wanavyodhani. Ndani ya kundi ukijificha nyuma ya mwenzako upepo unapungua sana, unaweza kuokoa robo au hata theluthi ya nguvu, hiyo kila mtu aliyewahi kupanda baiskeli kwenye kundi anaijua hata kama hajawahi kuipima. Lakini hiyo faida anaipata aliyeko ndani, karibu na gurudumu la mbele yake. Ukiachia nafasi ya gari moja tu imekwisha, uko peke yako na upepo wako. Na pale nyuma nafasi zinatokea kila dakika kwa sababu kundi linavutika kama mpira, mbele wakikuta tuta wanapunguza kidogo, wa katikati anapunguza zaidi, wa nyuma anakaribia kusimama, halafu wa mbele ameshavuka ameshaongeza na huyu wa nyuma inabidi akimbize kufunga lile pengo. Hesabu matuta yote ya kule Kerege na Zinga, vituo vya daladala, ng'ombe wanavuka. Wa mbele katembea mwendo mmoja siku nzima, wa nyuma kakimbia na kusimama siku nzima, umbali ule ule. Kwahiyo tukimweka dhaifu nyuma tunampa kazi ngumu kuliko ya yule mwenye nguvu, afu tunamshangaa kachoka.

Na kasi ikiongezeka kidogo mbele, upepo hauongezeki kidogo. Ukitoka 25 ukaenda 30 kwa saa, nguvu ya kupambana na hewa peke yake inapanda kama asilimia 70. Yule wa mbele mwenye mapaja yake anaona kaongeza kidogo tu, kule nyuma mtu amekatika, kaachwa na kundi, na hakuna aliyegeuka kuangalia.

Mtu aliyekatika hasemi. Hii ndo inaniuma kuliko yote. Sijawahi kusikia mgeni akipiga kelele "jamani nimechoka nisubirini". Atasema "kaka we nenda tu, ntakuja mdogomdogo", na kaka anaenda kweli! Anafika mbele anaripoti kwamba yule dada yuko poa anakuja taratibu. Hayuko poa. Maji yamemuishia, hajala kitu toka ile chapati ya asubuhi, anaona aibu kwa sababu ni raidi yake ya kwanza na watu wote wana jezi na yeye kaja na raba. Akifika nyumbani hiyo jioni anatoka kwenye grupu kimya kimya na baiskeli anaiuza, na sisi tunakaa tunajiuliza kwanini klabu ina watu wale wale miaka yote.

Swipa mzuri, yani huyo anayekaa wa mwisho kabisa, haliamini hilo neno "nenda tu". Anapunguza, anakaa upande wa upepo, anamwambia kaa hapa nyuma yangu usiangalie mbele, angalia gurudumu langu. Ndo maana nasema awe mwenye nguvu, kwa sababu swipa dhaifu hawezi kumkatia mtu upepo kilomita 40, wala hawezi kusimama kuziba pancha ya mtu halafu akawarudisha kwenye kundi. Wakibaki nyuma wawili waliochoka hamna msaada hapo, ni wawili wa kuokolewa. Awe na tyubu mbili, pampu, viraka na gundi, kifaa cha kuungia cheni, maji ya ziada na kitu chenye chumvi na sukari mfukoni, na namba ya aliyeko mbele awe nayo, simu ina chaji. Akipiga, mbele wanasimama, kwenye kivuli, sio wanapunguza. Wanasimama mpaka wote wamefika na aliyefika wa mwisho apumzike pia, maana kuna ule mtindo mbaya wa kumsubiri mtu dakika kumi, anafika tu, watu wanapanda baiskeli wanaondoka. Wao wamepumzika, yeye hajapumzika hata sekunde.

Najua wanaopinga wanasemaje, na ni watu ninaowaheshimu. Wanasema sisi tunajiandaa na mashindano, tukikaa nyuma tunapoteza Jumamosi. Nawaelewa. Mchezo huu unapendwa sana sa hivi na sababu zipo, Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika, hapo jirani tu, tukaangalia Pogačar, yule bingwa wa Slovenia, akitoka kwenye kundi bado kilomita 100 hivi na zile 66 za mwisho kazipiga peke yake, waliomaliza siku ile ni 30 tu kati ya zaidi ya 160 walioanza. Nilikaa mbele ya TV sikunyanyuka. Lakini yale ni mashindano, kazi yake ni kuachana, na kila aliyeachwa alikuwa na gari ya timu na daktari. Dada yetu kule Kerege ana nani? Wenye mashindano wawe na siku yao, kuna watu wanatoka alfajiri katikati ya wiki wanapiga Bagamoyo Road mpaka Tegeta na kurudi kabla ya foleni, huko achaneni mpaka mchoke. Jumamosi iliyotangazwa kwamba ni ya wote iwe ya wote.

Na kutangaza kwenyewe tuache uongo. Tangazo linasema "mwendo wa kawaida", wa nani? Andika namba. Andika 22 mpaka 24 kwenye tambarare, tunasimama Bunju na Mapinga, tunarudi Mwenge saa nane. Mtu asome ajue anakuja au haji. Ikifika asubuhi mkaamua 28 kwa sababu upepo unasukuma, mmemdanganya mtu aliyeamka saa kumi usiku kwa ajili yenu.

Kuna suala la barabara pia. Pale Tegeta mpaka Bunju kuna malori ya saruji na ya mchanga, na ukishapita huko barabara inabana, njia moja kwenda moja kurudi, makosta yanaovateki popote. Kundi la watu kumi na tano dereva analiona. Anapunguza, hata kama anatukana anapunguza. Mtu mmoja mmoja waliotawanyika kilomita tatu hakuna anayewaona, na ndo hali tunayoitengeneza kila tukiachana. Zile ishara zetu zote, kuonyesha shimo kwa mkono, kuita "gari nyuma!", zinafanya kazi kama kuna mtu mbele yako wa kukuonyesha. Aliyebaki peke yake anaingia kila shimo.

Ukitaka kuona watu wanaojua kusafiri pamoja angalia wabeba mkaa njia hiyo hiyo, baiskeli za chuma, magunia yamezidi urefu wa mtu, wawili watatu. Wakifika kilima wanaweka moja pembeni wanasukuma nyingine pamoja, wanarudi kuchukua iliyobaki. Tunawapita na baiskeli za mamilioni, tuwasalimie basi, wengine wanapita hata salamu hawatoi, mi hilo silipendi kabisa.

Halafu Bagamoyo tunakaa mno. Supu, chapati, madafu, picha pale ufukweni, mwingine anataka kwenda Kaole kuona magofu, masaa mawili yanakatika. Ni raha na siwezi kusema tusile, kula ni lazima, ila tukifika saa mbili na nusu asubuhi tuwe tumeondoka saa tatu na nusu. Kila nusu saa unayoongeza pale inaongeza jua na upepo kwa yule wa mwisho. Magofu ya Kaole yafanyiwe siku yake, watu waende na familia.

Sasa kusi ikiisha usidhani tumepona. Kaskazi ikishika, kuanzia Novemba au Desemba hivi, mambo yanageuka, upepo unakuja usoni wakati wa kwenda, kwahiyo mgeni anaweza kuzima kabla hata hajaiona Bagamoyo, na joto la Januari ndo hilo. Hapo swipa apewe mamlaka kabisa ya kumgeuza mtu pale Mapinga, warudi wote wawili na upepo mgongoni, bila kupigia simu mbele kuomba ruhusa na bila mtu kumuuliza kwenye grupu kwanini hamkufika. Na kama hawezi hata kurudi, swipa anasimamisha kosta ya Makumbusho, anaongea na konda baiskeli ipande juu, nauli ya baiskeli inatoka kwenye mfuko wa klabu, na Jumatatu mtu anampigia simu kumuuliza anaendeleaje na Jumamosi ijayo anakuja saa ngapi.