Lafudhi ya Ojwang, koo la Wanjau

Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Jambo hilo liliwashangaza wengi, maana kwenye Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha runinga ya Kenya, walimjua kama Mzee Ojwang, Mjaluo kabisa, ambaye kila "shida" kwake ni "sida". Alifariki mwaka 2015, na hadi leo ukilitaja kabila lake katika mazungumzo, kuna atakayekubishia.

Mwigizaji akibadili lafudhi, nasi tukaitambua sauti yake vilevile, je, kazi imemshinda?

Wapo wanaosema ndiyo, na hoja yao ina uzito. Ukishamjua mtu kwa sauti, mhusika anakuponyoka. Jeneza linashushwa kaburini, wewe unajiuliza kama huyu anayelia si yule wa tangazo la sabuni.

Ila wanadai kitu kigumu mno. Lafudhi iko kwenye ulimi, midomo na namna ya kupandisha na kushusha maneno, kwa hiyo mtu hufundishika. Rangi ya sauti inatokana na nyuzi za kooni na umbo la koo na kinywa, na hivyo havina mwalimu. Ndiyo maana hata kicheko tu, au kikohozi, humuumbua mtu.

Lupita Nyong'o alijaribu kuvuka mpaka huo katika filamu ya Us ya mwaka 2019. Aliigiza watu wawili, na mmoja akampa sauti ya kukwaruza, inayokatikakatika kama mtu anayekabwa. Nakiri nilimsahau Lupita. Lakini sauti ile aliichota kwenye ugonjwa halisi, wenye ugonjwa huo wakalalamika, naye akaomba radhi.

Wanjau hakufika huko. Sauti ilikuwa ileile. Uko jikoni, runinga iko sebuleni, na unajua ni mzee yuleyule. Lakini sikio lilishikwa na ile "sida", likakosa nafasi ya kuchunguza mengine. (Kama ilikuwa haki kuwachekesha watu kwa matamshi ya Wajaluo, huo ni ugomvi mwingine, nao si mdogo.) Alitambulika kila wiki, na bado aliaminika.

Kwa hiyo mimi sihesabu kosa mwigizaji akitambulika. Nahesabu lafudhi ikikatika: mlinzi wa Kimasai wa vichekesho vyetu anaanza vizuri pale getini, kisha bosi anamnyima mshahara, hasira zinapanda, na ghafla anafoka kama mpiga debe wa Kariakoo.